Adesi na Wali kwa Wachumaji Wetu



Katika gazeti letu la mwezi uliopita mwanachama mwenzetu mmoja aliandika kwa kirefu juu ya gharama za msimu, akamaliza kwa shauri kwamba wakati umefika wa kuacha kabisa kuwapikia wachumaji. Alisema: mpe mchumaji fedha zake kwa kila pishi, umwongezee kidogo, na chakula atajua mwenyewe. Shauri lake lina hoja ndani yake, wala sikusudii kumvunjia heshima, maana ni mtu mwenye miti mingi kuliko mimi na ameona misimu mingi kuliko niliyoiona. Lakini kwa kuwa nimewasikia wengi hapa Makangale wakilisifu shauri hilo, nimeona yanipasa kusema wazi kwamba mimi silikubali, na sababu yangu imo ndani ya sufuria.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma mikarafuu yangu ilizaa vizuri, nami nikaingiwa na tamaa ya kubana matumizi. Niliwaita wachumaji 11. Asubuhi niliwapa chai ya rangi na mkate, mchana muhogo wa kuchemsha na chumvi yake, basi. Siku ya kwanza hawakusema kitu. Siku ya pili niliwaona wanashuka mitini mapema na kukaa chini ya vivuli. Siku ya 3 asubuhi walikuja 5 tu. Nikamwuliza bi mkubwa mmoja, ambaye kazi yake ni kuchambua, wenziwe wamekwenda wapi. Akanijibu bila ya kuinua macho kwenye jamvi: "Mzee, mkate wako haupandi juu ya mti."

Kumbe wenziwe walikuwa wamehamia shamba la jirani, ambaye hakuwa akilipa hata shilingi moja zaidi yangu, lakini mchana alikuwa akipika wali. Nilihangaika siku 4 kutafuta watu wengine. Nanyi mwajua, ndugu zangu, karafuu haimngoji mtu. Huchumwa kikonyo kikisha kuiva kikageuka rangi na kabla ua halijafunguka. Ukichelewa, ua hufunguka, na karafuu yako haiwi tena ile ya daraja la kwanza. Nilipopeleka mzigo kituoni nilijua hasara yangu. Fedha nilizookoa kwa kuwanyima watu wali hazikufika hata sehemu ndogo ya zile nilizopoteza kwa daraja. Jambo hili sikumwambia mtu kwa muda mrefu, maana lilikuwa aibu.

Msimu uliofuata mke wangu alinishauri tupike. Nikamwambia tutapika nini, na samaki wenyewe hawashikiki bei? Sisi wa Makangale tunasifiwa kwa bahari yetu, Verani upande mmoja na Vumawimbi upande wa pili, na mgeni hudhani kwamba mtu wa huku anaokota samaki mlangoni. Lakini uchumaji aghalabu hutukuta wakati kusi bado lina nguvu, mashua ndogo hazitoki kila siku, na samaki mdogo anayepatikana hupelekwa Konde kwa wenye fedha. Nyama ndiyo usiseme. Yeye akanijibu kwa neno moja tu: adesi.

Nakiri kwamba nilikunja uso. Wengi wetu tumelelewa tukidhani kwamba adesi ni chakula cha siku ya kukosa. Mtu akikuta sufuria ya adesi kwa mwenziwe husema, "Leo kumeharibika." Mgeni akija, adesi hufichwa. Na wapo wanaosema hicho ni chakula cha Wahindi, kama kwamba pilau tunayopika harusini na chapati tunazofuturia zilishuka kutoka mbinguni moja kwa moja mpaka Pemba. Badia tunazokula jioni, si choroko na kunde hizo zilizosagwa zikatiwa viungo? Mchuzi wa choroko kwa nazi, si mama zetu waliotulea kwa huo? Basi adesi imefanya kosa gani?

Chakula cha namna hii ni cha watu wenye heshima tangu zamani sana. Yule msafiri mashuhuri Ibn Battuta, aliyepita pwani yetu mwaka 1331 akafika Mombasa na Kilwa, alikwenda baadaye India akakaa huko miaka mingi. Aliandika kwamba watu wa huko hupika choroko pamoja na mchele, wakala kwa samli kila asubuhi, na chakula hicho kinaitwa kishri. Ndicho wanachokiita Wahindi khichri mpaka leo. Nalitaja hili kwa sababu msafiri huyo huyo alipokuwa Mogadishu alikaribishwa wali wa samli kwa vitoweo, akauelezea. Wali ule na samli ile vilijulikana pande zote mbili za bahari, na majahazi ya msimu yalikuwa yakienda na kurudi baina yake. Kwa hivyo anayesema adesi na wali si chakula chetu, na aangalie kwanza upepo wa kaskazi unavuma kutoka wapi.

Mimi mwenyewe harufu ya adesi naikumbuka tangu utotoni, kabla ya 1964, nilipokuwa nikitumwa dukani kwa Mhindi. Duka lilikuwa mbele na jiko lilikuwa nyuma. Mwenye duka alikuwa akiandika madeni ya watu katika daftari lake refu, na baba yangu alikuwemo humo, maana karafuu ya mtu ilikuwa imekwisha kuliwa kabla haijachumwa. Hilo silisifu, na wazee wengi walikufa na madeni hayo. Lakini mke wa mwenye duka alikuwa mwanamke mwenye moyo mzuri, na marehemu mama yangu akikaa naye kibarazani. Kwake ndiko alikojifunza kwamba viungo vya adesi havitiwi pamoja na maji. Hukaangwa mbali katika mafuta yaliyopata moto, khalafu humiminwa juu ya adesi zilizoiva, na sufuria ikafunikwa mara moja ili harufu isitoke. Mama yangu alikuwa akisema kwamba siri yote imo katika kule kufunika.

Sasa nitaeleza namna tunavyopika nyumbani kwangu, kwa wanachama ambao wake zao au wao wenyewe wangependa kujaribu. Nasema "wao wenyewe" kwa makusudi, maana mwaka ambao mke wangu alikuwa akiuguza Wete nilipika mimi kwa siku 9, na hapana mchumaji aliyekimbia.

Kwa watu 8 wenye kazi ngumu tunapima pishi 1 ya mchele na kibaba 1 na nusu cha adesi, zile ndogo nyekundu zilizokwisha kumenywa. Adesi huchaguliwa juu ya sinia, kwa sababu vijiwe havikosi, na jiwe moja lililovunja jino la mtu hufuta sifa ya mwezi mzima. Huoshwa mpaka maji yawe meupe. Zikitiwa jikoni kwa maji mengi, kiasi cha mara 3 au 4 ya adesi zenyewe, hutoa povu. Hilo hutolewa kwa upawa. Hapo hutiwa manjano kijiko 1 na tangawizi iliyopondwa. Haziloweki, wala hazihitaji moto mkubwa, na kwa muda wa nusu saa huwa zimevurugika. Chumvi huja mwisho.

Katika kikaango cha pili hutiwa mafuta, au samli kwa mwenye kujaaliwa. Yakipata moto hutiwa bizari ya pilau kijiko 1, nayo ikianza kupasuka hutiwa karafuu 5, kipande cha mdalasini cha urefu wa kidole na pilipili manga chembe 10. Karafuu zitavimba; ndiyo alama kwamba zimetoa mafuta yake. Khalafu vitunguu 3 vilivyokatwa vyembamba, na hapa ndipo wapishi wengi wanapoharibu kwa haraka, maana kitunguu lazima kifike rangi ya hudhurungi, kisiwe cheupe wala kisiungue. Kisha thomu iliyopondwa, kichwa kizima, na tungule 4. Koroga mpaka uone mafuta yamejitenga na tungule. Mimina yote juu ya adesi, funika, teremsha. Wakati wa kula kamulia ndimu 2. Msimu wa maembe tunatia embe bichi badala ya ndimu, na mimi napenda hivyo zaidi, ijapokuwa mke wangu hakubaliani nami.

Wahindi huongeza mvuje katika mafuta, kidogo mno, ili tumbo lisijae pumzi. Sisi mvuje tunaujua kwa kuwafungia watoto wachanga dhidi ya mashetani, na nilipomwambia bi mkubwa wangu wa kuchambua kwamba unaliwa, alicheka hata akashika mbavu. Hatutii mvuje.

Wali tunaupika kwa tui la nazi 2, kama kawaida. Nazi hatununui. Siku za mvua, au kuni zikiwa chache, tunapika ile khichri yenyewe: vibaba 2 vya mchele kwa kibaba 1 cha choroko zilizoparazwa, vyote katika sufuria moja, na viungo vile vile vya kukaanga. Sufuria moja, moto mmoja, na chakula kimoja ambacho mtu anakila kwa kijiko chini ya mti na kurudi kazini.

Juu ya kuni nitasema neno moja zaidi. Sisi tunaishi na msitu wa Ngezi mgongoni mwetu, na kila mmoja wetu anajua kwamba miti yake haikatwi. Maharage makavu na mbaazi nzima huchemka saa nyingi. Adesi huchemka nusu saa. Nyumba inayowapikia wachumaji mwezi mzima itaiona tofauti hiyo katika lundo la kuni, na mwenye kubeba lundo hilo kichwani ataiona zaidi kuliko mimi ninayeandika.

Tena kuna jambo la afya. Wali peke yake hauna yote ambayo mwili unataka ili kujenga nyama, na adesi peke yake hazina yote. Kilichopunguka katika kimoja kimo katika chenziwe, ndiyo maana vikiliwa pamoja humtosha mtu aliyekosa samaki. Adesi zina madini ya chuma pia, ambayo husaidia damu, na upungufu wa damu ni maradhi ya zamani hapa Pemba, khasa kwa wanawake na watoto. Ndimu ile ninayosema ikamuliwe juu si kwa ladha tu, husaidia chuma kiingie mwilini. Chai ya rangi nayo hufanya kinyume chake, kwa hivyo siku hizi chai tunaitoa saa moja baada ya chakula, wala si pamoja. Wachumaji walinung'unika siku 2, wakazoea.

Mtu anayepanda mkarafuu wa mita 10 au zaidi, na matawi yake mwajua yalivyo mepesi kuvunjika, anahitaji macho yasiyoona kizunguzungu. Mwenzetu aliyeandika mwezi uliopita anasema tumpe fedha ajinunulie. Anunue wapi? Kutoka mashambani kwetu mpaka Konde ni kupita msitu mzima. Ukweli ni kwamba atanunua mandazi 2 kwa kijana anayepita na ndoo, na zile fedha nyingine atazipeleka nyumbani kwa watoto, kwa sababu ni mzazi. Nami sitamlaumu. Lakini atapanda mtini kwa mandazi 2.

Sasa nageukia upande wa pili, maana mwenzetu ana hoja moja ambayo siwezi kuikwepa. Alisema kwamba baadhi ya wenye mashamba huwapikia wachumaji chakula kibaya kisha wakakikata katika ujira, na kwa hivyo ni bora chakula kiondoke kabisa. Ni kweli, wapo. Nimesikia shamba moja ambalo mchumaji alikatwa bei ya chakula hata siku aliyokuwa amefunga. Hiyo ni dhuluma, nayo dawa yake ni kuacha kukata. Chakula cha mchana kiwe juu ya mwenye shamba, kihesabiwe katika gharama zake kama anavyohesabu majamvi na magunia, na bei ya pishi isemwe kabla mtu hajapanda mti. Mimi nilifanya hesabu msimu uliopita: adesi, vitunguu, tungule na mafuta kwa watu 8 vilinigharimu chini ya nusu ya kile ambacho ningetumia kwa samaki kwa idadi hiyo hiyo.

Kuna wengine watasema: adesi zenyewe zinatoka nje, na wewe unatuambia tukuze chakula cha watu wengine. Hapo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye jambo kubwa.

Ni kweli adesi hazioti vyema katika joto na unyevu wetu. Zinataka nchi yenye baridi. Nyingi katika zinazouzwa duniani zinatoka Canada. Lakini ile dal ya manjano ambayo Wahindi huipenda kuliko zote, ile wanayoiita toor, ni kitu gani? Ni mbaazi. Mbaazi hizi hizi zilizo nyuma ya nyumba yako, zimekaushwa, zikaparazwa na kupetwa ganda. Wakulima wa Bara, katika Lindi, Mtwara na Manyara, wamekuwa wakizipanda kwa wingi na kuziuza India. Basi mwezi wa Agosti 2017 serikali ya India, kwa kuwa wakulima wake walikuwa wamevuna vizuri, iliweka kiwango cha mbaazi zitakazoruhusiwa kuingia nchini humo kwa mwaka, tani 200,000 tu. Bei Bara ikaanguka vibaya, na watu wakakaa na magunia ambayo hapana aliyeyataka, kwa sababu walikuwa wamelima chakula kwa ajili ya sahani ya mtu mwingine.

Hadithi hiyo sisi wenye mikarafuu hatuhitaji kusomewa mara mbili. Chama cha wakulima wa karafuu kiliundwa visiwani katika utawala wa Kiingereza, na mwaka 1937 sheria ikakipa nguvu kubwa juu ya ununuzi na usafirishaji wa zao hili. Wafanyabiashara wa Kihindi wakaona wameondolewa katika kazi yao, wakakataa kushughulika na karafuu. Chama cha Congress huko India kikawaunga mkono, na watu wa India, waliokuwa miongoni mwa wanunuzi wetu wakubwa, wakatakiwa wasinunue karafuu za Unguja. Mgogoro huo ulikwisha kwa mapatano mwaka 1938. Baadaye ikawa zamu ya Indonesia. Walikuwa wakinunua karafuu zetu kwa wingi kutia katika sigara zao, wakapanda miti yao wenyewe mpaka ikawatosha, na katika miaka ya 1980 bei ikatuangukia. Katika vituko vyote hivyo mkulima wa Pemba hakuwa amefanya kosa lolote. Kosa lake lilikuwa kwamba zao lake lote linakwenda kinywani mwa mtu wa mbali.

Sasa mtu atanicheka na kuniambia: basi tule karafuu zetu wenyewe? Hapana, ndugu yangu, nimeipiga hesabu hiyo pia. Nyumba inayotia karafuu 5 katika sufuria kila siku ya Mungu haitamaliza robo kilo kwa mwaka mzima. Ukizidisha, chakula hakiliki. Ni mafuta yale yale ambayo daktari wa meno hutumia kufisha ganzi, na mtu akitafuna karafuu moja nzima katika wali, ulimi wake umelala mpaka Alasiri. Kwa hivyo karafuu hatuwezi kuila tukaimaliza. Lakini tunachoweza ni kupanda kile kinachoingia pamoja nayo chunguni. Mbaazi zipandwe mipakani na penye nafasi baina ya miti michanga, maana mizizi yake hurutubisha ardhi. Choroko zipandwe mabondeni baada ya mpunga, maana kwa miezi 2 au 3 huwa tayari. Wazee wetu walijifunza hili kwa ukali mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Burma na mchele wa Burma, tuliokuwa tukiutegemea, ukaacha kuja. Mwaka ule fedha ya karafuu haikuweza kununua mchele usiokuwepo.

Robo kilo, hata hivyo, ni robo kilo, na wengi wetu hatuna hata hiyo. Nimeingia katika majiko ya wanachama, na hapa natubu kwamba jiko langu lilikuwa mojawapo, nikakuta karafuu zote zimepelekwa kituoni mpaka ile ya mwisho iliyoanguka chini ya kitanda, na katika rafu pamewekwa kipakiti cha bizari ya kusagwa kilichonunuliwa dukani. Mwenye mikarafuu ananunua karafuu! Na karafuu gani? Mara moja nilifungua kipakiti nikanusa, nikasikia harufu ya makonyo. Sisi wa Pemba tunaijua harufu ya makonyo hata usingizini. Makonyo mahali pake ni kiwandani Wawi yakatolewe mafuta, si katika mchuzi wangu. Kilichokwisha kusagwa hujui ni nini. Karafuu nzima unaijua: ibonyeze kwa ukucha utaona mafuta, au itie katika gilasi ya maji; iliyo nzima mafuta yake husimama kichwa juu, na iliyokwisha kukamuliwa hulala ubavu juu ya maji. Wekeni chupa moja jikoni, yenye kifuniko, mbali na jua. Mtoto wa nyumba ya mwenye mikarafuu asikue akidhani kwamba karafuu ni unga wa kahawia unaokuja kwa gari.

Kwa hayo yote, naomba mkutano wetu ujao usikubali shauri la kuacha kuwapikia wachumaji mpaka haya yafuatayo yamezungumzwa. Kwanza, Chama kinunue magunia ya adesi kwa bei ya jumla kabla msimu haujaanza, yafike Konde, na mwanachama achukue kwa pishi na kulipa baada ya kupeleka karafuu, bila ya nyongeza. Leo tunakopa dukani kwa mwenzetu wa hapa hapa, na daftari lake siku hizi halina tofauti kubwa na lile refu nililoliona nilipokuwa mtoto. Chama kikikusudia kutuondoa katika daftari, na kianze na chakula cha msimu, maana hapo ndipo deni linapoanzia. Pili, Chama kitafute mbegu nzuri za choroko na mbaazi, hata kama ni kwa wanachama 20 wa mwanzo, ili baada ya miaka michache yale magunia ya kutoka nje yapungue. Tatu, iandikwe katika kanuni zetu kwamba chakula cha mchumaji hakikatwi katika ujira wake. Hili la tatu najua litaleta maneno, na wenye maneno wayalete mkutanoni, si kibarazani.

Mwenzetu aliyeandika mwezi uliopita namkaribisha kwangu Makangale siku yoyote ya uchumaji. Aje kabla ya Adhuhuri, achague mwenyewe mti wa kukaa chini yake, na aje na kijiko chake, maana vyangu wachumaji wamevipoteza vyote isipokuwa 3.

Wasalaam,
Mwanachama, Makangale